Mbuzi Aliyezaa Mdomo wa Bati

Juzi mjukuu wangu aliingia jikoni kwangu simu yake ikipiga gita. "Bibi, sikiliza," akaniambia, "imetoka mpya. Vijana wa Isingiro wamerekodi wenyewe." Nilisikiliza mpaka kiitikio, kisha nikaweka kisu chini na ndizi niliyokuwa naimenya nikaiacha nusu. Mpya. Wimbo huo naujua tangu nina miaka tisa, na vijana hao wanauimba kwa furaha kana kwamba ulitungwa kwa ajili ya kumpokea bibi harusi. Nilimuuliza mtunzi ni nani. Akaitazama simu, akasema, "Wameandika ni wimbo wa asili."

Wa asili. Maana yake hauna mwenyewe. Basi acheni niwaambie mwenyewe alikuwa nani, maana nimechoka kuusikia ukigawiwa watu.

Tulikaa Nyaishozi kando ya barabara, miaka ile kahawa ilipokuwa na bei na kila mwenye migomba alijiona bwana. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi ya baba yangu, fundi cherehani. Watu walimwita Fundi Petro; sisi watoto tulimwita Tata. Suruali aliyoishona Tata ilirithiwa. Mama yangu, ambaye tulimwita Mawe, alilima maharage, alichuma kahawa, alitunza migomba, na alimvumilia Tata, kazi ambayo nadhani ndiyo iliyomchosha zaidi.

Msimu mmoja kabla ya mvua, Mawe alimkabidhi Tata mbuzi wake. Nasema wake, kwa sababu alipewa na kaka yake siku aliponizaa mimi, na msimu ule mbuzi huyo alikuwa na mimba. Tata alitakiwa akamwuze Murongo, mpakani kando ya mto, alete majembe mawili na blanketi. Majembe yetu yalikuwa yamelika mpaka yakafanana na vijiko. Tata aliondoka akipiga mluzi. Siku ya tatu alirudi na sanduku kichwani na kitu kama ua kubwa la boga mgongoni. Lilikuwa gramafoni kuukuu, lenye hendeli ya kuzungusha na pembe ya bati iliyobonyea upande mmoja. Mawe alilizunguka mara moja, akauliza swali moja tu.

"Majembe yamo humo ndani?"

Tata akasema muziki ungeleta wateja. Hapo hakukosea. Mzee Sefu, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, ambaye watu wake walitoka pwani, alikuwa akienda Kampala kufuata bidhaa, na kila akirudi alikuwa na santuri mbili tatu za kampuni ndogondogo, zile zilizorekodi bendi ambazo wakubwa hawakuzitaka. Alisimama mlangoni petu akisema polepole, kama mtu anayetangaza msiba wa heshima, "Fundi, zimetoka mpya." Cherehani ilinyamaza hapo hapo. Alasiri ile nzima hakuna kifungo kilichoshonwa. Wateja walikuja, naam, lakini walikuja kusikiliza. Walikaa juu ya majamvi tuliyoanikia kahawa. Walicheza katikati ya maharage ya Mawe. Mimi ndiye niliyezungusha hendeli, na bado mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto.

Kisha Tata akaanzisha bendi, maana shida huwa haiji peke yake. Yeye alipiga gita. Zakaria, mtengeneza baiskeli, alipiga kodiani iliyovuja hewa. Walibishana juu ya jina la bendi kwa muda mrefu kuliko walivyofanya mazoezi.

Mawe hakugombana. Alianza kuimba. Akipepeta maharage nyuma ya nyumba, alichukua sauti ya zile nyimbo za kumsindikiza bibi harusi, za kulia nusu na kucheka nusu, akaweka maneno yake mwenyewe kwa Kinyambo, lugha yetu. Kwa Kiswahili yangekuwa hivi:

*Mbuzi wangu alivuka mto na mimba yake,*
*amerudi amezaa mdomo wa bati.*
*Mimi nalima kwa kucha, mdomo waimba.*
*Niambieni, wenzangu, unakula nini?*

Zilikuwepo beti nyingine. Ulikuwepo ubeti wa mke mwenza anayelala mezani na kufutwa vumbi kila asubuhi, wakati mke wa nyumbani hata kioo hana. Tata alisikia zote. Cherehani ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye ungo. Alikohoa, akazidi kukanyaga.

Siku ikafika ambayo Mzee Sefu alileta mgeni. Aliitwa Bwana Athumani, shemeji yake, mtu wa Mombasa aliyehamia Kampala na kuanzisha kampuni yake ya santuri, yenye nembo ya kanga yule ndege. Kampuni yenyewe ilikuwa yeye, motokaa moja iliyochoka, na mashine ya kunasa sauti kwenye utepe, iliyotumia umeme wa betri ya motokaa. Alisema kampuni kubwa zinawangoja wanamuziki waje mjini, yeye anawafuata waliko. Tata alivaa tai. Zakaria alivaa tai. Mimi niliagizwa kufukuza kuku wasilie.

Sijapata kuona aibu kama ile. Walipofika kati ya wimbo, Zakaria aliingia mapema. Tata, bila kuacha kupiga gita, akamwambia, "Bado." Zakaria akajibu, "Bado nini, wewe ndiye umechelewa." Vyote vikanaswa. Wakarudia, na wakabishana pale pale. Mara ya nne Bwana Athumani alivua vile vyombo vya masikioni, akashukuru kwa adabu ya watu wa pwani, akaanza kukunja waya.

Hapo ndipo alipomsikia Mawe. Mawe, aliyekatazwa kupita mbele na ungo wake, alikuwa nyuma anapepeta na kuimba kama siku zote. Mgeni alisimama na waya mkononi.

"Ni nani huyo?"

"Ni mke wangu," Tata akasema. "Yuko kazini."

"Mwite."

Mawe alikataa. Akasema ana maharage. Bwana Athumani akamfuata kule nyuma, akamwamkia vizuri, akamwomba aimbe vilevile, na ungo uendelee, maana mlio wa maharage aliupenda. Mawe alimgeukia Tata. Kisha akasema kwa Kinyambo, si kwa mgeni bali kwa Tata, "Kama anataka kusikia, basi asikie."

Akaimba yote. Mbuzi, majembe, mdomo wa bati, mke mwenza wa mezani. Majirani waliokuja kuona bendi walitazama chini wakibana midomo. Alipomaliza, Bwana Athumani, ambaye Kinyambo hakujua hata salamu yake, alimgeukia Tata akiwa na karatasi na kalamu.

"Anasema nini? Siwezi kuuza maneno nisiyoyajua. Nilishatoa wimbo mmoja wa matusi, nikaletewa polisi."

Shingo ya Tata ilikuwa imelowa jasho hadi kwenye tai. Kisha akasema kwa Kiswahili, kila neno mahali pake, "Anamshukuru mumewe kwa kumletea vitu vya nyumbani."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Tata akanitazama, nami nikakimbilia kuku. Nilikuwa huko kwenye mibuni, na Tata ametoka barabarani kupunga hewa, Mawe alipoimba wimbo wa pili, kwa ajili ya upande wa pili wa santuri. Sikuusikia, na wala sikujali.

Utepe ulitumwa Ulaya, santuri zikachapwa huko, na zilirudi sisi tukiwa tumeshasahau. Mzee Sefu alileta sita, zawadi ya mwimbaji. Tata alisoma karatasi iliyobandikwa katikati, akaisoma tena, akaikalia santuri yenyewe. Mawe aliichomoa chini yake, akaniambia mimi nisome kwa sauti. Juu ya picha ya kanga paliandikwa: *Fundi Petro na Bendi Yake.*

Mawe alirudi kwenye ungo. Alipepeta kidogo, akasimama. "Hata malalamiko yangu," akasema, "ameyachukua yeye."

Kosa halikuwa la Tata. Bwana Athumani aliandika jina la bendi kabla bendi haijajiaibisha, na karatasi ile ile ikaenda Ulaya. Tata aliandika barua kutaka jina lirekebishwe. Akaandika nyingine. Baadaye tukasikia kampuni imefungwa na ile motokaa imekwama mahali fulani. Kampuni za namna ile zilikufa upesi kama senene wa msimu. Lakini santuri zilikwishasambaa: Kyerwa, Isingiro, ng'ambo ya mto hadi Ankole. Wanawake walielewa kila neno. Kisimani waliuimba, kwenye kahawa waliuimba, na mwanamume aliyerudi sokoni mikono mitupu aliulizwa kama mbuzi amezaa bati.

Na Tata, mwenye gramafoni la pekee hapo kijijini, alilazimika kuupiga. Kila mteja aliuomba, na upande wa pili hakuna aliyeutaka, maana wote walitaka kucheka. Alikaa kwenye cherehani akisutwa na mke wake kupitia pembe aliyoinunua mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Zakaria, ambaye hamna hata pumzi yake ndani ya santuri ile, alitembea akijiita mwanabendi. Shuleni wasichana waliniimbia ubeti wa mke mwenza mpaka nikaomba kuhama. Nilikuwa na hasira na watu wote. Nilimkasirikia Mawe kwa kutuanika. Nilimkasirikia Tata zaidi, kwa uongo wake. Nilidhani alidanganya kwa kulinda sura yake mbele ya mgeni, na kwamba uongo ule ulimrudia kama alivyostahili.

Siku moja Tata alitoka asubuhi, akarudi mchana na mbuzi jike, akamfunga kwenye nguzo ya nyuma, akaenda kushona. Mawe alitoka, akamwona mbuzi, akamkatia majani ya mgomba. Mimi nilisimama kati yao nikitamani mmoja afungue mdomo, hata kwa kutukana.

Tata alikufa mimi nikiwa nimeshaolewa. Gramafoni lilikuwa limeharibika zamani. Katika kugawa vitu vyake nilipata santuri moja imefungwa kwenye kitambaa cha suti, nikaipeleka kwa mtoto wa Mzee Sefu, ambaye alikuwa na chombo cha kisasa cha kupigia santuri. Upande wa kwanza niliujua, kwa hiyo nikamwambia aweke wa pili.

Ilikuwa sauti ya Mawe, bila ungo. Aliimba polepole habari za mtoto wake wa kwanza, kaka yangu ambaye sikuwahi kumwona, jinsi walivyomzika. Watu wengi walikuja, akaimba, wakaleta maneno. Lakini mume wangu, akaendelea kuimba, hana maneno. Alikaa kwenye cherehani siku mbili, akaniletea gauni lenye mifuko miwili mikubwa. Akasema, tia mikono yako humu, mpaka utakapojua pa kuipeleka.

Nilipita nyumbani siku ile ile. Mawe alikuwa amezeeka, amekaa barazani akichambua maharage kwa vidole. Nilimwamkia, nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia kwamba nimeusikia upande wa pili, na kwamba Tata hakumtafsiria mgeni wimbo wa kwanza sawasawa.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale. Nilikaa misheni miaka minne kabla hajanioa. Kiswahili nilikijua kabla yake."

"Kwa hiyo ulijua amedanganya."

"Angesema kweli, yule bwana angefunga mashine yake na kuondoka. Ulimsikia na habari zake za polisi. Baba yako alikuwa na neno moja tu la kusema, na wimbo ungeishia nyuma ya nyumba." Akatupa harage bovu. "Hakulisema. Ndipo nikaimba ule wa pili, na maneno yake nikamweleza yule bwana mimi mwenyewe."

Nilikaa nikihesabu miaka. Nilimuuliza kama aliwahi kumwambia Tata kwamba wimbo wa pili ulimhusu yeye.

"Santuri alikuwa nayo. Si angeigeuza."

"Na kama hakugeuza?"

"Aligeuza. Kila Jumapili tulipokwenda kanisani yeye alibaki, anaumwa mgongo. Mgongo gani huo wa Jumapili tu? Jumatatu nikifagia nilikuta sindano za gramafoni zilizochakaa chini ya meza."

Basi. Miaka yote ile, Mawe alifagia sindano akanyamaza, naye Tata aliumwa mgongo akanyamaza, na mimi katikati nikiamini kwamba nimelelewa na watu wawili wasiopendana. Nilizungusha hendeli ya chombo kile mara elfu, na nilichojua kukihusu ni kwamba kinachosha mkono. Nilitaka kumwambia Mawe kwamba wangeweza kuniondolea uchungu mwingi kwa sentensi moja tu, hata ya kupita. Nilipomtazama, alikuwa ameshainama kwenye maharage yake. Nikavuta ungo, nikamsaidia kuchambua.