Zimwi la Chuma na Kobe wa Bakari

Bajaji iliacha lami ikaingia kwenye vumbi, na Sekela akamwambia mgeni wake ashike chuma vizuri. Mgeni alikuwa amezunguka nchi nyingi, ila Kinyerezi hakuwahi kufika. Alitazama nguzo kubwa za umeme zikipanda kilima, akauliza kama ukumbi wa ngumi uko huko.

"Ukumbi uko Temeke, jioni," Sekela alisema. "Huku tunaua zimwi kwanza."

Jioni ile alikuwa anarudiana ulingoni na Naima, aliyemvunja taya mwaka jana. Ladha ilikuwa haijamtoka: damu, mpira wa kinga ya meno, na jino lake mwenyewe likizunguka mdomoni kama punje ya mchele mbichi. Kocha Albano alimpa mpango mmoja tu: inua mikono, zunguka, maliza raundi zote ukiwa umesimama. Mpango ule ulimkaa vibaya, na hakuwa na mwingine.

Bakari kinyozi na Tunu muuza samaki walikuwa tayari kwenye benchi nje ya saluni, simu mkononi. Ya Tunu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni isipate mafuta ya samaki.

"Shikamoo, mama," Sekela alimsalimia Tunu.

"Marahaba, mwanangu. Hilo taya linatafuna?"

"Linatafuna."

"Basi leo lifunge," Bakari alidakia, "maana Naima anaijua njia ya kulifikia."

Katika mchezo wao watu hukamata viumbe mitaani na kuwafuga kwenye simu. Mara mojamoja zimwi hutokea mahali, na walio karibu hulishambulia pamoja kabla muda haujaisha. Siku hiyo Zimwi la Chuma lilisimama juu ya paa la saluni, mikono kama mapanga.

Bakari alipanga kikosi chake cha siku zote: kobe watupu, wasiokufa upesi. Dawa ya kufufua waliokufa ni adimu, na kinyozi yule alikuwa bahili wa dawa kuliko wa wembe. Tunu akamfuata. Sekela naye, kwa mazoea, akaweka kobe.

Zimwi liliwakanyaga, likawapasua magamba. Kobe waling'ang'ania miguu yake, wakiuma polepole. Muda ukaisha. Zimwi lilikuwa limebakiwa na uhai kidogo tu.

"Hajafa hata mmoja wetu," Bakari alisema, akiwa ameridhika.

"Na lenyewe halijafa," Tunu akamjibu.

Sekela aligusa taya kwa kidole, akasema, "Toeni kobe wote. Chuma kinaogopa moto. Wekeni wa moto watupu."

"Wa moto wangu wanakufa kwa kofi moja, sista," Bakari alisema.

"Wafe. Kabla ya hilo kofi watakuwa wameshaunguza kuliko kobe wako watatu."

Mchezo unaruhusu kujaribu tena, wakaingia. Mbweha wa moto wa Tunu alikatwa kiuno kabla hajatua. Ndege wa Bakari aling'olewa bawa, akaendelea kutapika moto mpaka kichwa kilipopondwa. Walikufa mmoja juu ya mwingine, na kila aliyekufa aliacha kifua cha zimwi kikiwa chekundu zaidi. Bakari aliguna kwa kila maiti, kama anayekatwa yeye. Sekela alibaki na nyoka mmoja wa moto, wa mwisho kikosini. Hakumkwepesha. Alimwingiza katikati ya mapanga, chini ya mkono ulioinuliwa, na zimwi likaanguka na paa lote la kwenye simu.

Sekela alikuwa ameshapiga simu.

"Kocha, shikamoo. Leo sizunguki. Naima akiinua mkono wa kulia mbavu zinabaki wazi. Naingia humo."

"Atakupiga," Albano alisema.

"Najua."

"Basi njoo mapema nikufunge mikono vizuri."

"Bondia, hulikamati?" Bakari aliuliza. "Limelala hapa, tega mtego."

"Kamateni nyie."

Mgeni alianza kunyanyuka. Sekela alimshika bega akamkalisha. "Wewe baki na hawa. Kule sitaki sura ya mtu anayenihurumia."

Akapanda bajaji ileile. Kwenye benchi, Bakari alianza kufufua ndege wake, akilalamikia dawa. Mgeni alikuwa akiangalia barabara. Ndani ya bajaji Sekela alikuwa akifungua na kufunga taya, taratibu, mpaka vumbi likamfunika.