Kichwa cha Mti Kati ya Vichwa vya Mbuzi

Kwa muda mrefu niliamini, kwa moyo wangu wote na maini juu yake, kwamba fundi akichonga sura ya mtu aliyeuawa kwa kuwatetea maskini, siku atakayomaliza macho ndiyo siku atakayochukuliwa. Pua haina neno. Masikio chonga upendavyo. Lakini macho yakishafunguka, ile sura inamwona fundi, na wale waliomuua mwenye sura wanamwona pia, papo hapo, kama kwenye televisheni. Habari hiyo ilizunguka mtaa wetu wa Huruma wote mpaka Kiamaiko, na kila aliyeisimulia alimjua mtu aliyemjua fundi aliyepotea hivyo. Usinicheke. Nilikuwa nimeshahitimu shule ya usiku, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na cheti changu kilining'inia ukutani.

Nilikuwa dereva wa pikapu. Nilibeba vichwa vya mbuzi kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko kuwapelekea wauza supu. Mjomba wangu alikuwa na banda la kuchongea nyuma ya soko hilo hilo. Kazi ya kumlisha ilikuwa twiga na vifaru wa watalii. Kazi ya moyo wake ilikuwa ukutani, picha zilizokatwa magazetini na kugandishwa kwa uji wa ngano: Mzungu mmoja wa zamani mwenye ndevu kama kichaka, aliyeandika vitabu vizito kuhusu wafanyakazi, na mheshimiwa mmoja wa hapa kwetu, aliyeuawa kabla sijazaliwa kwa sababu alitaka mali ya nchi igawanywe. Yule Mzungu mjomba alimheshimu tu, kama mtu anavyomheshimu daktari. Huyu wa kwetu alimpenda. Alimsikia akihutubia, yeye mjomba akiwa mtoto mabegani mwa baba yake. Maneno hakuyakumbuka hata moja. Alichokumbuka ni kwamba baba yake, kibarua wa kiwandani ambaye angeng'olewa meno yote bila kuguna, siku hiyo alilia mpaka kola ikalowa.

Basi wanawake wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, vibarua wa viwandani, wakaja kumwomba awachongee kichwa cha mheshimiwa huyo wakiweke kwenye ukumbi wanakokutana Jumapili. Mjomba alifurahi kama bwana harusi. Mimi nilipoteza usingizi. Ilikuwa ile misimu ya vijana kuchukuliwa mitaani na magari yasiyo na namba, mtu anatoka kununua maziwa, maziwa hayafiki. Mjomba ndiye aliyenilea. Kila nilipopita bandani nilitazama macho ya kile kichwa kwanza, kabla ya salamu. Yangali mabonge mawili ya mti, nashusha pumzi.

Asubuhi moja nikamkuta ameshika patasi ndogo.

"Mjomba," nikasema, "mvalishe miwani ya jua."

"Miwani?"

"Ile nyeusi. Inampendeza mtu mashuhuri."

"Nimchonge kama dereva wa harusi?" Akainua uso. "Bado ni ile hadithi ya macho? Na masomo yako yote hayo?"

"Shuleni hatukufika kwenye macho, mjomba."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha nikaona gari. Jeupe, limesimama ng'ambo ya barabara, halina namba mbele wala nyuma. Ndani wanaume wawili, vioo vimeshushwa nusu, hawanunui, hawaulizi bei. Pale Kiamaiko hata maiti angeuliza bei! Walikuwa wakitazama bandani kwetu. Nikamwambia mjomba kwa sauti ya mbu. Aligeuka, akawatazama, akaurudisha mlango wa banda nusu. Kumbe naye alikuwa akiogopa.

Lakini hakuacha. Akamaliza jicho la kushoto, akamaliza la kulia, akapuliza vumbi.

"Mpeleke," akasema. "Na mimi naenda naye."

Mama mmoja Mborana anayeuza vichwa pale mlangoni aliniona nikimbeba mheshimiwa huku nikilichungulia lile gari. Alinipa gunia lenye damu damu. "Mweke katikati ya vyangu, mwanangu. Wallahi hapo hatafutwi na mtu." Tukamfunika mheshimiwa kwa vichwa vya mbuzi, turubai juu, tukaondoka. Gari jeupe likaondoka nyuma yetu.

Nilitokwa na jasho la kufulia nguo za mtaa mzima. Nikikunja, linakunja. Nikipunguza mwendo, linapunguza. Mbele kwenye barabara ya Outer Ring, polisi wakanisimamisha.

"Umebeba nini?"

"Vichwa, afande."

"Vya nini?"

"Vya mbuzi. Karibu vyote."

Mjomba akanifinya paja. Afande aliinua pembe ya turubai, macho ya mbuzi yote yakamkodolea, akairudisha haraka na kutupungia mkono twende.

Tulipofika Mukuru, gari jeupe likasimama ubavuni mwetu. Mlango ukafunguka. Nilimshika mjomba mkono kama mtoto wa chekechea. Mwanamume mmoja mnene akashuka, akapiga turubai kofi.

"Buda, hizi vichwa unauza ama unazitembeza? Tumekungoja asubuhi yote, umejifungia kwa banda ya mzee."

Walikuwa wamefungua hoteli ya supu kule Njiru. Gari walikuwa wamelinunua juzi, namba hazijatoka. Wakachukua vichwa tele, nusura wamchukue na mheshimiwa.

Ukumbini wanawake walipiga vigelegele hadi mabati yakajibu. Mjomba aliketi mbele, anapewa chai, anatabasamu. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa akimfuta mheshimiwa damu ya mbuzi shavuni kwa ncha ya leso, polepole, kama anamfuta mtu mgonjwa. Mimi kwa raha ya kuokoka nikamsimulia yote: macho, mafundi waliopotea, miwani, gari la supu. Nilitia chumvi ya kutosha. Nilingoja acheke.

Hakucheka. Aliendelea kufuta.

"Kaka," akasema, "mume wangu hajawahi kuchonga hata mwiko. Aliwaambia wenzake kiwandani wadai mkataba wa kazi. Wakaja wanaume wanne, mchana, sisi tukiwa tunakula, wakamtia garini. Macho ya mti hayajamchukua mtu yeyote. Ni watu waliomchukua, na mpaka leo sijaambiwa yuko wapi."