Shemasi na Kipimo cha Sikio Langu

Shemasi wetu alijua kila kitu kuhusu serikali ya Uingereza isipokuwa Kiingereza. Alitutangulia kufika London, na kwa sababu hiyo kila Mkongo mgeni mtaani kwetu Barking alipitishwa kwake kabla ya kwenda kuhojiwa kuhusu ombi lake la ukimbizi. Alikuja kwetu, akavua viatu, akakaa kwenye kochi letu na kuwafundisha watu kujibu. Usicheke. Usiseme hujui. Ukiulizwa tarehe, itaje upesi. Waliopata karatasi, alisema ni kwa sababu yake. Waliokosa, alisema hawakumsikiliza.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwishoni mwa miaka ya tisini. Shule ya msingi nilikuwa nimeimaliza Uvira, kule Kongo, na sikio langu la kushoto lilikuwa linatoa usaha tangu surua ya utotoni. Watu wa kanisani walikuwa na maneno ya kulizungukia: sikio lina maji, sikio limeingia baridi. Lilikuwa linanuka. Darasani wenzangu walisogeza viti, na mwalimu alifungua dirisha huku akitabasamu.

Mama alisafisha maofisi, na akirudi alipasha mafuta kwa kitunguu saumu, akayadondosha sikioni, akaziba kwa pamba. Shemasi aliweka mkono juu ya pamba hiyo, akaomba kwa sauti ya kutosha majirani wote. Usaha haukujali. Sauti za upande ule zilizidi kwenda mbali, na sikumwambia mtu, kwa kuwa sikuwa msemaji. Kwetu mtoto asiyejibu anaitwa mwenye adabu, kwa hiyo kadiri nilivyozidi kuwa kiziwi ndivyo nilivyozidi kusifiwa.

Ndipo shule ikatuma habari kwamba nesi atapima masikio ya watoto waliofika karibuni, na mzazi anaweza kuwepo. Mama aliogopa, akamwita Shemasi.

“Wanapima masikio ya nini?” Mama aliuliza. “Sisi ombi letu bado halijajibiwa.”

“Mama, sikia vizuri,” Shemasi alisema. “Hii ni intavyuu. Wazungu hawana kipimo cha bure. Wakikuta mtoto ni mgonjwa, wanaandika: hawa watatugharimu. Faili inafungwa.”

“Sasa tufanyeje?”

“Apite. Mimi nimepitisha watu wazima wasiojua hata jina la mji wao, nitashindwa na sikio?”

Alikuwa amesikia kwa mtu fulani kwamba mtoto anavishwa hedifoni masikioni, mashine inalia, na kila ikilia mtoto anabonyeza kitufe. Basi akachukua kijiko na kikombe akawa mashine. Alinifundisha kuhesabu kimoyomoyo mpaka tatu, kisha kubonyeza. Kitufe chetu kilikuwa goti langu.

“Ukisikia, usisikie, wewe hesabu,” alisema. “Na usikunje uso. Uso uliokunjwa unasema hapana.”

Kaka yangu, aliyekuwa anakula mkate mlangoni, akasema, “Shemasi, na wakimpima macho utampa fimbo?”

“Wewe, kaa kimya. Midomo kama hiyo ndiyo inarudisha familia Uvira.”

Nilifanya mazoezi wiki nzima. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nasikia. Lilikuwa swali la kijinga mno kwa watu wenye akili kama wale.

Siku ya kipimo Shemasi alikuja na Mama, amevaa suti ya mazishi. Nesi alikuwa mwanamke mnene aliyezungumza nasi sote kwa kelele na polepole, kana kwamba yeye ndiye aliyeletewa ukoo mzima wa viziwi. Alitoa pamba, akachungulia kwa kurunzi yake ndogo, akarudisha kichwa nyuma haraka. Kisha akanivisha hedifoni, akanipa kitufe, akakaa upande wa pili wa meza na mashine yake.

Alianza na sikio la kulia. Huko nilisikia, lakini nilikuwa nimefundishwa, kwa hiyo nilihesabu tu. Alipohamia kushoto ikawa kimya kama kichwa kimefukiwa. Moja, mbili, tatu, nabonyeza. Moja, mbili, tatu, nabonyeza. Shemasi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kama anayesikiliza kwaya yake.

Baadaye niliinua macho. Nesi alikuwa ameondoa mikono kwenye mashine. Alikuwa ameikunja kifuani, ananitazama, na mimi naendelea kubonyeza. Mama naye alikuwa anaitazama ile mikono. Shemasi peke yake alikuwa bado anatikisa kichwa.

Nesi alinivua hedifoni. Alisema kwa Kiingereza kwamba lazima niende hospitali, ngoma ya sikio imetoboka, na ikiachwa hivyo ugonjwa utaingia kwenye mfupa na sikio halitarudi. Nilimfasiria Mama nikitazama sakafu.

“Usimfasirie hiyo,” Shemasi alisema. “Mama, tusikubali hospitali. Huko ndiko wanaandika.”

Mama aliniinua kidevu. “Mwanangu, ulikuwa unasikia ile mashine?”

“Upande huu, ndiyo.”

“Na upande ule?”

“Hapana.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo, Mama.”

Nadhani mpaka dakika ile Mama aliamini kwamba sikio langu ni chafu tu, na kwamba Shemasi anatusaidia kuvuka mambo ya karatasi. Alimgeukia.

“Shemasi, asante. Utungoje nje.”

“Mama, mimi najua hawa watu.”

“Wao ndio unaowajua. Huyu humjui. Nenda nje.”

Alikwenda, na suti yake. Mama akamwambia nesi “Yes” kabla hata hajaulizwa jambo lolote.

Hospitali walinyonya uchafu kwa mrija mwembamba uliovuma kichwani kama kinu cha kusaga, wakanipa dawa ya matone, wakanikataza maji sikioni. Baadaye walinipasua na kuziba ngoma kwa kipande cha nyama yangu mwenyewe. Kuhusu ombi letu, hakuna mtu aliyewahi kuuliza habari za masikio, na karatasi zilitoka kwa wakati wake kama za wengine. Usikivu ulirudi nusu. Mfupa mmoja mdogo wa ndani ulikuwa umekwisha kuliwa, na daktari alisema laiti ningeletwa mapema.

Jumapili niliyorudi kanisani, Shemasi alisimama kutoa ushuhuda. Alieleza alivyotambua ugonjwa, alivyotusihi twende hospitali, na jinsi Mama alivyokuwa mgumu wa moyo. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa ameketi kulia kwangu, ameinamisha uso kwenye Biblia iliyofungwa. Shemasi alikuwa upande wangu wa kushoto, na nilisikia kila neno.