Baba Ameniita Madam

Leo baba yangu mzazi ameniita madam mbele ya watu.

Wacha niwaambie.

Mnajua kazi yangu ni kuonjesha wageni waini kwa hoteli moja hapa Nyeri. Leo nilikuwa nawaeleza kwamba zabibu zikimea mahali pa baridi, waini yake hubaki na uchachu kidogo.

Nikachukua funda, nikalizungusha mdomoni, nikatema kwa ndoo.

Sisi hutema. Ukimeza zote, kufika saa sita hujui jina lako.

Kuinua kichwa, naona wazee wa kanisa kutoka kila mahali, wamekuja mkutano, wanatafuta chumba cha chakula. Baba yuko katikati, na tai yake ya Jumapili.

Mzee mmoja akamuuliza, "Huyu mnafanana sana. Ni wako?"

Baba akaniangalia vizuri.

"Hapana. Wangu ni mhasibu." Mhasibu gani, na mtoto wake ni mimi tu?

Halafu akanigeukia, kwa heshima kabisa. "Samahani madam, tumepotea njia."

Nikawaonyesha mlango. Ningefanya nini, na wageni wameshika glasi wananingoja?

Lakini huu ulimi ni yeye alinifundisha. Nikiwa mdogo alinipeleka kiwanda cha kahawa huko Othaya, alikokuwa mwonjaji, tukaonja kahawa kwa kuivuta kutoka kwa kijiko na kuitema pamoja. Akawaambia wenzake, "Huyu msichana wangu hawezi kudanganywa na kikombe."

Sasa niambieni nyinyi. Jumapili nikifika nyumbani, nimwite baba ama nimwite sir?