Shamba la Mwisho kwenye Mfereji

Mimi nimezaliwa Voi, mji ambao maji hutoka bombani au hayatoki. Nilipoolewa Bomeni nikakuta maji yana zamu, na zamu zina kelele zake. Shamba letu liko mwisho kabisa wa mfereji, chini ya wenzetu wote, nami sikuumbwa kunyamaza. Kila mkutano nililalama, mpaka mzee mmoja mwenye shamba pale juu akawa haniiti ila Mama Kelele.

Basi mwenyekiti wetu wa mfereji alipochoka, alinigeukia akicheka. "Si wewe ndio unajua kuongea? Haya, kiti ni chako." Wakapiga makofi. Nilifurahi, sikatai. Ndipo nikakumbushwa desturi: mwenyekiti hunywesha shamba lake baada ya watu wote. Kwangu haikubadilisha kitu. Nilikuwa wa mwisho tangu siku ya harusi.

Msimu huo maharagwe yangu yalikuwa yametoa maua, na ua la haragwe halina subira. Likikosa maji linaanguka, ukavuna majani. Maji hayakufika. Nikapanda juu, nikamkuta yule mzee ameziba mfereji kwa magogo ya migomba. Nilimpa vidonge vyake vyote. Alinisikiliza ameegemea jembe, na kesho yake akaongeza gogo.

Nilikasirika hata chai nikaiacha mezani. Mume wangu akaniuliza, "Sasa umemgombeza, maji imekuja?" Nikachukua jembe. Nilimkuta mzee shambani, nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuona, si kuongea. Akanitazama kwa shaka. "Mama, hii maji haitoshi hata mimi," akasema. "Njoo."

Nyuma ya migomba yake fuko walikuwa wametoboa ukingo, na maji yalikuwa yakipotelea kwenye matete. Sisi tunagombana huku chini, maji yanamwagika kule juu. Niliwaita wote wa mfereji, tukashindilia udongo na yale magogo yake, mimi matope mpaka magotini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ile nilisema machache kuliko wote, na kazi ilikwenda.

Zamu zikaanza upya. Ningeweza kuamuru kila mtu afunge, maji yashuke kwangu moja kwa moja, maana maua yalikuwa yameanza kunyauka. Nilitamani sana. Lakini nilimfungulia kila mtu kwa zamu yake, nikirudi nyumbani na roho mkononi.

Jioni moja niliyasikia maji kabla sijayaona, yakisukuma majani makavu kwenye mtaro wetu. Nilivua viatu nikasimama humo ndani, nimefurahi kama mtoto. Nyuma ya maji alikuja yule mzee, jembe begani, ameyafuata kutoka kwake hadi kwangu.

"Imefika, mwenyekiti?"

"Imefika," nikasema. Tukaanza kuyaelekeza kwenye maharagwe.