Kiu ya Watu wa Nyota

Leo fundi alimwagia mchanga maji, na harufu ile ikanirudisha utotoni, kwenye mto wetu mkavu, tumechimba shimo mchangani, tunangoja maji yajae. Dada yangu alitusomea hadithi ya watu waliofika nyota ya mchanga mtupu, wakawa wanakufa kiu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeng'oka.

"Sasa watakufa?" nikalia.

Susu, nyanya yetu, akatoa kichwa shimoni. "Wajinga hao! Wanakanyaga mchanga na wanalia kiu? Waambie wachimbe!"

Dada akageuza ukurasa ambao haukuwepo, akasoma: "Wakachimba."

Wamama wote kwenye foleni ya maji wakapiga vigelegele. Labda nimeongeza, dada anasema ni Susu peke yake aliyepiga.

"Na wasichote kwa pupa," Susu akasema. "Wangoje maji yatulie."