Ng'ombe Aliyetunyima Maziwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, niliambiwa kwamba ng'ombe anajua nani amemnunia nani. Niliamini, na jambo hilo liliniudhi sana.

Uasi ulipofika kwetu Uvira, kando ya ziwa, tulikimbilia milimani Rurambo: mama, mimi na mdogo wangu Elisha, aliyekuwa bado ananyonya. Njiani maziwa ya mama yakakauka. Tulipokelewa na mjane mmoja mfugaji. Tulimwita Nyogokuru, yaani nyanya, kama mjukuu wake Namahoro alivyomwita. Ng'ombe wake mmoja tu ndiye aliyekuwa anakamuliwa, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha Elisha.

Namahoro nilisoma naye. Siku moja alitangaza mbele ya darasa kwamba sisi wa ziwani, walaji wa samaki, tukinywa maziwa tunamharibu ng'ombe, kwa hiyo Elisha aache. Nikachukua kibao chake cha kuandikia nikakivunja kwenye jiwe. Mwalimu alituchapa fimbo mbilimbili, akatushikanisha mikono, akaamuru tuseme pardo, yaani samahani. Tukasema, Namahoro akinifinya kidole. Mwalimu akaridhika kabisa.

Jioni tulikuwa na kazi yetu. Mjomba wa Namahoro alikamua, Namahoro alimshika ndama mbele ya ng'ombe, mimi nilifukuza inzi kwa tawi. Ng'ombe akagoma, hakutoa hata tone. Asubuhi vilevile. Mama alimpa Elisha uji mwepesi, akautapika, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Nyogokuru akatuita sisi wawili.

"Kuko mutu hapa anafungia mwenzake roho. Ng'ombe inasikia."

"Minye nilishasema pardo," nikajibu.

"Nilisikia. Sasa sema mwenzako iko anaumwa wapi."

Nilikasirika mno. Mtoto ana njaa, na bibi huyu anatuuliza maswali. Lakini alikaa mlangoni, na hakuna aliyepita. Namahoro akasema, "Anaogopa mutoto wao atakufa." Nikaanza kulia, maana sikuwa nimemwambia mtu. Zamu yangu ilipofika nilisema kile kibao alipewa na baba yake, aliyeshuka bondeni Luberizi na ng'ombe na alikuwa hajarudi. Nilikuwa nalijua hilo hata wakati nakivunja.

Jioni ile ng'ombe alitoa maziwa. Elisha alikunywa, akalala na povu la maziwa mdomoni.

Leo najua kwamba Namahoro alikuwa akimvuta ndama shingo kwa hasira, na mimi nilikuwa nikipiga inzi na ng'ombe pamoja. Ng'ombe yeyote angegoma. Lakini kujua hivyo hakujanifanya nimcheke Nyogokuru.

Nimefundisha watoto wadogo mpaka nikastaafu. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye semina ya kufundisha hisia shuleni. Kijana aliyeiongoza alibandika ukutani nyuso za karatasi: furaha, huzuni, hasira. Halafu akawasimamisha watoto wawili wa shule ya jirani waliokuwa wamepigana, wakasema pardo, ukumbi ukapiga makofi. Mimi niliona mmoja akimfinya mwenzake.

Nikanyoosha mkono, nikaomba kila mmoja aseme mwenzake anaumwa wapi. Yule kijana akanijibu kwa adabu kwamba muda umekwisha, chakula kiko tayari.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mimi na Namahoro pardo tulikuwa tumeshaisema siku ile, na bado Elisha alilala njaa.